Kuweka LED kwenye taa ya tyubu: swichi ya ukutani inatosha?

Duka_Kondele
Wadau wa stima, duka langu hapa Kisumu lina tyubu za futi nne, wati 36, zenye choki ya chuma (inayodhibiti stima ya tyubu) na stata (kidude cha kuiwasha). Moja inang'aa kwenye ncha tu, katikati giza. Nataka kuweka LED. Nikizima swichi ya ukutani niko salama? Choki itoke au ibaki?

FundiNakuru
Ncha kung'aa namna hiyo mara nyingi ni stata iliyoganda, tyubu yenyewe inaweza kuwa nzima. Weka stata ya wati 4–65 kwanza. Ile ya 4–22 ni ya tyubu mbili za wati 18 kwenye choki moja, dukani wanazichanganya sana. Usiiache ikiwaka hivyo, choki inachemka.

Swichi haitoshi. Inakata waya mmoja tu, na kama aliyefunga alikatia nyutro (waya wa kurudisha stima), laivu (waya unaoleta stima) ya volti 240 iko kwenye holda usiku na mchana. Jaribu mita ya kupimia volti kwenye soketi yenye stima uhakikishe inafanya kazi, kisha zima breka ya taa. Kama breka hazina majina, zima meni swichi. Halafu pima kwenye taa: laivu na nyutro, laivu na athi (waya wa ardhini), nyutro na athi. Tesita ya bisibisi peke yake usiiamini.

Ngazi iwe ya mbao kavu au faiba. Tyubu ipoe, ishike karibu na ncha zote mbili, izungushe robo, pini zishuke zenyewe. Ukiilazimisha unavunja holda.

Stima_Kakamega
Kuhusu choki, fuata mchoro ulio kwenye pakiti, kwa sababu LED si aina moja.

Inayokuja na stata yake: toa ya zamani, weka hiyo, choki ya chuma inabaki. Ndani ya hiyo stata kuna fyuzi tu, kwa hivyo usiirudishe kwenye tyubu ya kawaida.

Inayoingiza stima ncha moja: choki inarukwa, stata inatolewa, laivu na nyutro zinaenda holda ya upande uliowekwa alama. Hapo andika kwenye bati la taa kwa maka: LED TU. Mtu akiweka tyubu ya zamani, volti 240 zinapita kwenye uzi mmoja mwembamba wa ncha na unalipuka.

Inayoingiza ncha zote mbili, laivu huku na nyutro kule, ndiyo ninayoiogopa. Ukichomeka upande mmoja stima ikiwepo, pini za upande wa pili mkononi mwako zinaweza kuwa na stima. Breka iwe chini hadi pande zote zimekaa. Na ukishafungua bati, athi irudi kwenye skrubu yake, wengi huiacha ikining'inia.

Duka_Kondele
Shukrani wakuu. Hiyo ya zamani ikipasuka?

FundiNakuru
Ina zebaki kidogo na unga mweupe. Watu watoke, fungua milango na madirisha, ngoja dakika 15 hivi. Kusanya vioo kwa katoni ngumu ukiwa na glavu, unga ufute na karatasi yenye maji, vyote ndani ya mtungi wenye kifuniko. Usifagie. Nzima zifunge kwenye boksi zilikotoka LED, upeleke kwa wanaopokea taka za umeme. Usizichome na takataka.