Ushauri: mashine tatu, prosesa tatu tofauti, nataka mfumo mmoja. NetBSD itanifaa?

MpendaChuma:

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo yenu kabla sijafuta diski nikaja kujuta.

Nina mashine tatu za zamani, zote nzima. Ya kwanza ni laptopu ya Pentium M, biti 32, RAM MB 512. Ya pili ni PowerBook G4. Ya tatu ni Raspberry Pi ya mwanzo, ile Model B, nayo ina RAM MB 512. Nina wapwa zangu watatu ninaowafundisha C. Nataka kila mmoja awe na mashine yake, na amri anayoijua mmoja imsaidie mwenzake bila mimi kukaa katikati kutafsiri.

Nimezoea Linux. Kwenye laptopu, distro niliyoijaribu iligoma mapema kabisa ikadai prosesa haina PAE (njia ya prosesa ya biti 32 kufikia RAM zaidi ya GB 4). Kwa G4, ambayo ni ya PowerPC, sikupata hata pa kuanzia. Ndipo nikakutana na NetBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, na orodha yake ndefu ya mashine: macppc (Mac za PowerPC), evbarm, sgimips, pmax, vax, zinaendelea tu. Nikafurahi. Jana usiku nikashusha faili la arm64.img, nikaliandika kwenye kadi ya SD, nikachomeka kwenye Pi. Taa nyekundu ikawaka, kioo kikaonyesha mraba wa rangi za upinde wa mvua, kikabaki hapo hapo. Nilisubiri dakika 20, hakuna hata herufi moja.

Maswali yangu: je, Pi yangu imekufa? Na hii orodha ya "mashine zinazokubalika" niiamini kiasi gani? Naogopa kufuta diski ya G4 halafu nikakwama na mashine isiyowaka.

fundi_siriali:

Pole mkuu, Pi yako haina tatizo lolote. Umeipa lugha isiyoijua.

Pi ya mwanzo ina chipu ya BCM2835, na ndani yake kuna prosesa ya ARM1176. Hiyo ni ARMv6, biti 32. Faili la arm64 limeandikwa kwa maagizo ya biti 64, kwa hiyo hata agizo la kwanza la kerneli (kiini cha mfumo) prosesa yako haiwezi kulisoma. Ule mraba wa rangi unatolewa na sehemu ya grafiki ya chipu kabla kerneli haijashika usukani. Ukiganda hapo, ujue kerneli haijaanza kabisa.

Unachohitaji ni rpi.img. armv7.img ni ya Pi 2 na 3, na arm64.img ni ya Pi 3 kwenda juu. Watu wengi wanachanganywa na jina evbarm. Hilo ni jina la ukoo mzima wa bodi za ARM, si la bodi moja. Ndani ya ukoo huo yako inaitwa earmv6hf: v6 ni kizazi cha prosesa, na hf inamaanisha hesabu za desimali zinafanywa na prosesa yenyewe badala ya programu.

Tafuta pia kebo ya siriali ya volti 3.3. Usitumie ya volti 5, utaiunguza bodi. Pini ya 6 ni ardhi, ya 8 ndiyo inayotuma na ya 10 inapokea. Weka kasi 115200. Ukiwa na konsoli ya siriali unaona kerneli inavyojitambulisha mstari kwa mstari, na ikikwama unajua imekwama wapi.

Mzee_wa_Poti:

Mwanangu, swali lako la pili ndilo zito, acha nilikalie kidogo.

NetBSD ilianza 1993, ikitokana na 386BSD na chanzo cha Berkeley. Tangu mwanzo waliamua kwamba kinachohusu mashine fulani kitengwe na kisichohusu mashine yoyote. Fungua chanzo cha kerneli uangalie: chini ya sys/arch kila mashine ina saraka yake, i386 (ya laptopu yako), macppc, evbarm na wenzake. Humo mna vitu kama jinsi ya kuamka, jinsi ya kupanga kumbukumbu, jinsi ya kupokea ishara za vifaa. Mifumo ya mafaili, mtandao na draiva nyingi (programu za kuendesha vifaa) ziko nje ya hapo, zinatumiwa na wote.

Nikupe mfano unaoushika mkononi. Tundu la waya wa mtandao kwenye PowerBook yako linaendeshwa na draiva inayoitwa gem. Draiva hiyo hiyo ndiyo inayoendesha kadi za Sun kwenye sparc64, mashine za kampuni ya Sun. Prosesa hazifanani, kampuni hazifanani, lakini chipu za mtandao zina asili moja, na draiva haigusi rejista moja kwa moja. Inapitia tabaka linaloitwa bus_space, inasema "nisomee rejista hii", na kila mashine inajua yenyewe namna ya kufika pale. Ndiyo maana mtu akirekebisha kosa kwenye gem kwa ajili ya Sun, wewe mwenye Mac unanufaika bila kuomba.

Sasa kuhusu kuiamini orodha. Wenyewe wameigawa kwa madaraja. Daraja la kwanza ni mashine ambazo mradi mzima unazibeba, na i386 na evbarm zimo humo. Daraja la pili zinaendeshwa na hamu ya wanaozitumia, na macppc yako iko hapo. La tatu ni zile zinazopumulia mashine. Kwa hiyo laptopu na Pi usiwe na wasiwasi mkubwa. G4 itakubali, ila tegemea kujitafutia zaidi.

Na PAE isikutishe. Kerneli ya kawaida ya i386 haiidai. Inachodai ni prosesa ya 486 au zaidi.

nyota13:

Kwa nini usiweke Debian, distro ya Linux, kote, mkuu? Ina watu wengi zaidi wa kukusaidia.

fundi_siriali:

@nyota13 ningemshauri hivyo kama mashine zake zingekuwa mpya. Ila Debian waliiacha powerpc ya biti 32 kuanzia Debian 9 ya mwaka 2017. Debian 13 ya 2025 haina tena kerneli wala kisakinishi cha i386. Na armhf yao, Debian ya ARM ya biti 32, inataka ARMv7, Pi yake ni v6. Hakuna hata moja kati ya zote tatu yenye kisakinishi cha Debian 13. OpenBSD ina i386 na macppc, lakini ARMv6 haina. Gentoo ingewezekana kote, ila mtu akompaili mfumo mzima kwenye Pi ya MB 512? Ni mateso.

Kama shida ingekuwa Pi peke yake, ningemwambia aweke Raspberry Pi OS ya biti 32 alale usingizi.

DadaKokoto:

Namheshimu sana Mzee_wa_Poti, lakini kuna jambo MpendaChuma analazimika kulijua kabla ya kugusa diski ya G4.

NetBSD wana hati inayoitwa build.sh. Ukiwa kwenye kompyuta yoyote yenye nguvu, hata ya Linux, inajenga kwanza kikompaila chake, halafu inajenga mfumo mzima wa mashine nyingine kabisa. Mfano, kwa Pi yako:

./build.sh -U -m evbarm -a earmv6hf tools release

Ni kazi nzuri ajabu, nimeitumia na ninaipenda. Lakini ina upande wa pili. Kompyuta hiyo moja inaweza kutoa mafaili ya poti zote (matoleo ya mfumo kwa kila aina ya mashine) pasipo hata mtu mmoja kuyawasha kwenye chuma chenyewe. Kukompaili si kuwaka. OpenBSD, waliojitenga na NetBSD mwaka 1995, wanashikilia kwamba kila mashine ijijenge yenyewe. Orodha yao ni fupi kwa sababu hiyo, lakini kilichomo humo kimejithibitisha kwenye chuma.

Kwa hiyo kwa G4 fanya hivi. Kwanza pitia kumbukumbu za orodha ya barua ya port-macppc, uone kama kuna mwenye modeli yako hasa aliyeripoti toleo la sasa. Pili, washa kutoka kwenye CD bila kugusa diski. Shikilia Command, Option, O na F wakati wa kuwasha, utapata ukurasa mweupe wenye "0 >". Hapo uko ndani ya Open Firmware, programu inayoamsha Mac, na ndipo unapoiamuru iwake kutoka kwenye CD. Ukifika kwenye kisakinishi, usikubali chochote. Toka kwenye menyu uende kwenye komandi, uandike:

dmesg | grep "not configured"

Kila mstari utakaotoka ni kifaa ambacho kerneli imekiona ikakosa draiva yake. Hiyo ndiyo orodha ya kuiamini, maana inaizungumzia mashine yako na si ya mwingine. Kerneli ya CD inaweza kuwa na draiva pungufu, kwa hiyo linganisha na faili la GENERIC kwenye sys/arch/macppc/conf.

Mzee_wa_Poti:

Binti, umesema kweli na sikupingi. Niongeze tu kwamba asifute diski nzima ya G4. Faili la kuamshia, ofwboot, linakaa vizuri kwenye sehemu ya HFS (mpangilio wa mafaili wa Mac), kwa sababu Open Firmware inajua kuisoma. Abakize sehemu ndogo ya aina hiyo.

MpendaChuma:

Wakuu nimerudi, siku nne baadaye. Shukrani nyingi.

Pi imewaka kwa rpi.img mara ya kwanza tu. Nilikuwa na kebo ya siriali, nikaona mistari inashuka hadi neno login, wapwa wakapiga makofi. Shida ikawa kwenye kushusha vifurushi: kila mara inakataa ikisema cheti si halali.

Laptopu nayo imekubali, hakuna habari ya PAE. Ila WiFi yake, Intel 2200BG, kerneli inaitambua kama iwi0 lakini haiungi.

G4 bado sijaigusa, namsubiri mpwa mkubwa Jumamosi.

fundi_siriali:

Cheti: andika date uone. Pi haina saa yenye betri. Ukizima na kuwasha inarudi kwenye tarehe ya nyuma, na cheti kilichotolewa baada ya tarehe hiyo kinaonekana kama cha kesho. Weka ntpdate=YES na ntpd=YES kwenye /etc/rc.conf, uache waya wa mtandao umechomekwa wakati inawaka.

Kwa iwi0: firmware ya Intel (programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) imo tayari kwenye mfumo, lakini lazima ukubali leseni yake. Soma masharti, halafu weka mstari huu kwenye /etc/sysctl.conf:

hw.iwi.accept_eula=1

Zima, washa.

nyota13:

Na mwaka 2038 je? Nasikia mashine za biti 32 zitapotea saa.

DadaKokoto:

@nyota13 swali zuri. Tatizo ni kuhesabu sekunde kwa namba ya biti 32, ambayo inajaa tarehe 19 Januari 2038. NetBSD walihamisha saa ya mfumo kwenda biti 64 kwenye poti zote, hata za prosesa za biti 32, tangu toleo la 6.0 mwaka 2012. Tahadhari inabaki kwa programu ambazo waandishi wake wameihifadhi saa kwenye int ya kawaida. Hizo mfumo hauwezi kuziokoa.

MpendaChuma, neno jingine kuhusu programu: usiwaahidi vijana kivinjari cha kisasa kwenye G4 wala kwenye Pi. Kwa C, kihariri, git na ssh wako salama. Na vifurushi vilivyojengwa tayari ni vingi zaidi kwa i386 kuliko kwa hizo mbili. Kwa vilivyobaki utatumia pkgsrc, mkusanyiko wa NetBSD wa kujengea programu kutoka kwenye chanzo, kuvijenga mwenyewe, acha usiku kucha.

MpendaChuma:

Saa imekaa sawa na vifurushi vinashuka. WiFi ya laptopu inafanya kazi kwa mstari ule ule mmoja.

Jumamosi tuliiwasha G4 kwa CD kama alivyoelekeza dada. Mistari ya "not configured" ilikuwa miwili, na hakuna hata mmoja uliogusa diski, kibodi wala gem0. Tukasakinisha, sehemu ya HFS tukaibakiza. WiFi yake inataka firmware ambayo haiji na mfumo, kwa hiyo kwa sasa anatumia waya.

Kisha nikawapa wote watatu mistari hii:

uint32_t n = 0x01020304;
printf("%d\n", *(unsigned char *)&n);

Kwenye laptopu ikatoka 4. Kwenye Pi ikatoka 4. Kwenye G4 ikatoka 1. Yule mdogo akadhani kaka yake amekosea kunakili. Wakabadilishana viti, wakaandika upya, G4 ikatoa 1 tena. Nikawaambia PowerPC inaanza na baiti kubwa na hizi nyingine zinaanza na ndogo, tukachora visanduku vinne kwenye karatasi. Nimewaeleza draiva ya gem pia, kwamba lazima ijue mpangilio huo ili ifanye kazi pande zote. Mkubwa sasa ameifungua gem.c na anatafuta ni wapi inapogeuza baiti.

Mzee_wa_Poti, anauliza aanzie kusoma wapi.

Mzee_wa_Poti:

Mwambie atafute GEM_DMA_WRITE na mwenzake GEM_DMA_READ, zinazogeuza baiti, ndani ya faili lile. Kila anapoiona, ajiulize namba ile inaelekea kwenye chipu au inatoka. Akimaliza hapo afungue ukurasa wa man wa bus_space, ausome polepole. Akikwama, aje aulize hapa mwenyewe, tutamjibu.