Rotari au DA kwa rangi iliyopauka? Nataka kununua Jumamosi

Dereva_Mamboleo
Wazee, nisaidieni kabla sijatoa pesa. Rangi ya gari langu imepauka vibaya, hasa boneti na paa. Ukipitisha kiganja kinatoka na unga. Nataka mashine yangu mwenyewe ya kung'arisha. Hapa Kisumu nimeona rotari, ile ambayo pedi yake inazunguka tu, na duka la pili lina DA, ambayo pedi inazunguka huku ikiyumba, na bei yake ni karibu mara mbili. Nichukue ipi?

Fundi_Lurambi
Gari gani, la mwaka gani, rangi gani? Lina klia juu, ile tabaka angavu inayofunika rangi, au ni rangi tupu? Liliwahi kupuliziwa upya? Bila hayo, kila atakayekujibu anabahatisha.

Nakuru_Sufu
Rotari, basi. Nafanya magari ya watu hapa Nakuru na sijaona DA inayofufua rangi iliyochoka hivyo upesi. Pedi ya sufu, kompaundi kali (dawa ya kusugua rangi), mizunguko kama 1,200 kwa dakika, na mashine isikae mahali pamoja. Ukimaliza pitisha pedi ya sponji na polishi laini kutoa alama. DA itakula mchana kutwa kwenye boneti moja.

Mama_Fielder
Samahani Nakuru_Sufu, hiyo rotari ndiyo iliyonitia hasara. Nilipeleka Fielder yangu ya rangi ya fedha kwa watu fulani kando ya barabara. Kijana akafanyia kazi juani saa saba mchana, bodi ina joto huwezi kuweka mkono, kompaundi inakauka kabla haijafanya lolote, naye anazidi kukandamiza. Nikasikia harufu ya kuungua kwenye ukingo wa boneti. Nikamwambia asimame, akasema ni kompaundi tu hiyo. Kuosha nyumbani nikakuta ukingo umeliwa: mstari wa kijivu wa praima, rangi ya chini kabisa, mwembamba kama kamba ya kiatu, na katikati yake bati linaonekana. Usiku, chini ya taa za petroli stesheni, milango yote ilijaa miduara inayohama kila ukisogea. Nikarudi kwao, wakasema ukingo ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Mvua za Aprili zikaanza, kutu ikaingia. Nililipa kupuliziwa boneti nzima na mpaka leo haifanani na mafenda. Nunua DA, kaka. Ukiikandamiza sana pedi inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka tu. Kuunguza rangi nayo si rahisi.

Nakuru_Sufu
Pole dada, ila huyo hakuwa fundi. Kingo hufunikwa kwanza kwa tepu ya karatasi, na kazi hufanywa kivulini bodi ikiwa imepoa. Mashine haina kosa.

Fundi_Lurambi
Haina kosa mikononi mwa aliyeizoea. Huyu ananunua ya kwanza. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, mara nyingi ni maikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 hadi 150, na humo klia ni kama 40 au 50. Kwenye kingo na mikunjo ni nyembamba zaidi, na hapo ndipo pedi inapobana. Ukishaikata hairudi. Dereva, bado nasubiri majibu.

Dereva_Mamboleo
Nilikuwa kazini, mzee. Ni Corolla AE100 ya 1995, nyekundu, niliachiwa na mjomba. Mambo ya klia siyajui.

Fundi_Lurambi
Basi usiende dukani kabla ya hili. Osha gari, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, tia kompaundi kidogo, usugue mahali pasipoonekana sana, kama sehemu ya chini ya mlango. Kikitoka chekundu hakuna klia, ni rangi tupu, na hiyo inafufuka vizuri ajabu hata kwa DA, mradi uende taratibu na umalizie kwa nta. Jua letu la ikweta litaipausha tena usipoikinga. Kikibaki cheupe, klia ipo. Rudia kwenye boneti. Ukiona mabaka meupe yanayobanduka kwa ukucha, klia hiyo imekufa na hakuna mashine ya kuirudisha. Ni msasa na kupuliziwa upya.

Jirani_wa_Kibuye
Mbona mnamtesa mwenzenu? Vijana wa kuosha magari wanafuta bodi na mafuta ya taa kidogo, gari linang'aa.

Mama_Fielder
Linang'aa hadi mvua ya kwanza. Halafu linanasa vumbi lote la barabarani, na mipira ya madirisha inaharibika.

Jirani_wa_Kibuye
Probox yangu napaka kila mwezi na mipira ni mizima.

Dereva_Mamboleo
Nimejaribu. Mlangoni na kwenye paa kitambaa kimetoka chekundu. Kwenye boneti kimebaki cheupe, na karibu na kioo kuna baka linabanduka. Nimempigia mjomba, kumbe boneti ilipuliziwa upya Kakamega baada ya kugonga ng'ombe.

Fundi_Lurambi
Ndiyo maana niliuliza. Boneti usiiguse kwa mashine yoyote. Paa na milango, DA inatosha.

Nakuru_Sufu
Paa na milango, rotari ingemaliza asubuhi moja. Nasema tu.

Dereva_Mamboleo
Sasa sijui ninunue mashine au pesa iende kwenye boneti kwanza. Na hizo DA kuna ambayo pedi inayumba kwa upana wa milimita 15 na ya 21.

Fundi_Lurambi
Ya 15 ni rahisi kuitawala kwenye mikunjo. Ya 21 inafaa sehemu pana kama paa. Kama ni moja tu, mimi ningechukua 15. Ukipata nafasi lete gari nilione, rangi haihukumiwi kwa simu.

Mama_Fielder
Tukiwa hapo hapo, wale wadudu wa ziwani wanaoganda kwenye bampa mnawatoaje bila kukwaruza?

Jirani_wa_Kibuye
Mafuta ya taa.

Nakuru_Sufu
Hapana! Lowesha kitambaa kwa maji na shampuu ya gari, kitandaze juu ya bampa dakika kumi, kisha futa polepole. Wakikauka kwa siku kadhaa juani wanaacha alama kwenye klia.