Mbona mimea huzidi pale mamba wanapoota jua?

Mshika_Kamba

Hamjambo wana jukwaa. Mimi si mtaalamu. Kazi yangu ni kushika kamba ya vipimo na kuandika majina ambayo mwenzangu wa mimea anayataja. Juzi tumeshuka Mto Tana kwa mtumbwi, sehemu za chini, tukisimama kila baada ya mwendo kidogo kuhesabu mimea ya ukingoni.

Kwenye malka, pale ng'ombe wanaposhukia kunywa, nilikuwa naandika mistari mitano sita basi, mingi ikiwa mathenge, ule mti wa miiba unaovamia. Lakini tukifika mahali mamba wamelala mchangani midomo wazi (tunangoja wajitose, ndipo tushuke, na hata hapo mimi huwa wa mwisho), daftari linajaa: mkuyu, mkindu, mwegea, mkwaju, matete, na mitambaa ambayo mwenzangu mwenyewe aliniambia niandike "mtambaa wa nne, majani kama moyo". Ikawa hivyo karibu kila mara. Je, mamba ndio wanaoilinda mimea kwa kufukuza watu na mifugo, au kuna jambo jingine?

Mvuvi_Mstaafu

Kijana, mamba hakupanda mti hata mmoja. Angalia kona ya mto. Upande wa nje maji yanakula udongo, ukingo unasimama kama ukuta. Upande wa ndani yanapunguza mbio na kutua mchanga. Huo mchanga hauna umri mmoja: wa mwaka huu uko mtupu, wa nyuma yake umeota matete, nyuma zaidi mikindu, na kule mbali mikuyu iliyoota kabla sijazaliwa. Ukivuta kamba yako kutoka majini kwenda juu, unavuka miaka mingi kwa hatua chache, ndiyo maana majina hayaishi. Mamba naye anapenda hapo hapo kwa sababu zake: mchanga wa kulala, na kina cha kukimbilia hakiko mbali.

Hata hivyo la kuogopa watu si uongo. Kuna matete mazuri ya kusukia nimeyaacha miaka mingi kwa sababu ya mkia mmoja niliouona ukiingia humo. Mpaka leo sijarudi.

Yai_la_Mchangani

Mzee kasema kweli. Naongeza la mayai, maana ndilo linaloharibu wazo kwamba mimea ikizidi ndiyo heri.

Mamba jike wa Nile huchimba shimo mchangani, nusu mita au pungufu, hutaga, hufukia, kisha hulinda karibu miezi mitatu. Hakuna chembe ya uzazi inayoamua dume au jike, ni joto la mchanga. Karibu nyuzi 32 hadi 34 hutoka madume wengi; likishuka chini ya hapo, majike. Kwa hiyo anataka mchanga wenye jua, na kivuli jirani cha kujipumzisha yeye mwenyewe akilinda.

Kule ziwa la St Lucia, Afrika Kusini, gugu la kromolena kutoka Amerika lilivamia sehemu za kutagia. Watafiti walipima mchanga uliofunikwa na kivuli chake wakaukuta na baridi zaidi kwa nyuzi 5 hadi 6, na mizizi yake ikimsumbua jike anapochimba. Nikisikia mathenge inateremka hadi mchangani, nakumbuka hilo. Mshika, siku nyingine andika pia mchanga mtupu. Nao una kazi.

Mshika_Kamba

Ahsanteni. Mzee, shikamoo. Mchanga mtupu tulikuwa tunauruka kabisa, fomu haina hata nafasi yake! Na mbegu je? Mwenzangu anadai mamba hula matunda, nikamcheka.

Yai_la_Mchangani

Umecheka mapema. Mwaka 2013 watafiti walikusanya rekodi za aina 18 za jamii ya mamba, wakakuta 13 zimewahi kula matunda au mbegu. Ila kumeza tunda na kuotesha mti ni mambo mawili, na mamba ana mawe tumboni yanayoweza kuisaga mbegu.

Mvuvi_Mstaafu

Marahaba. Usisahau mafuriko. Ndiyo yanayoleta mchanga mpya na kulowesha miche ya mikuyu. Tangu Bwawa la Masinga likamilike 1981, na mengine kule juu, mto haupandi kama zamani. Tazama kama chini ya mikuyu mikubwa kuna midogo.

Mshika_Kamba

Nimerudi kwenye daftari usiku huu nikiwa na ramani. Vituo vyote vya mamba viko upande wa ndani wa kona, isipokuwa viwili. Kimoja ni mkuyu ulioangukia majini, walikuwa wamelala juu ya shina. Cha pili ni malka iliyoachwa. Pale matete yameanza kurudi, na niliandika mistari kumi na moja. Kuhusu mikuyu midogo, mzee, sikuandika hata mmoja, na sikumbuki kama haikuwepo au sikuinama. Tunarudi wiki ijayo.