Hivi neno boycott lina uhusiano wowote na boi? Mwenye historia yake aje

mti_mkavu:
Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie kumaliza ubishi. Leo kijiweni watu walikuwa wanaongelea vyama kuboycott uchaguzi, jamaa mmoja akadai hilo neno limetokana na boi, eti zamani wazungu walikuwa na maboi wa nyumbani sasa maboi wakigoma kupika ndo ikawa boycott. Aliongea kwa kujiamini mpaka watu wakatulia ila mimi moyo unakataa, hiyo cott sasa ni nini? Halafu ni sawasawa na kugoma au kuna tofauti? Dikshenari yangu inatoa maana tu, haisemi limetoka wapi. Mwenye nondo ashushe.

Mzee wa Kamusi:
Boi hahusiki hapo hata kidogo mkuu. Boycott ni jina la ukoo, la Kapteni Charles Boycott, Mwingereza wa Norfolk aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne huko County Mayo, magharibi mwa Ireland, nchi ambayo enzi hizo ilitawaliwa na Uingereza. Mwaka 1880 hali ya wakulima ilikuwa mbaya, waliokodi mashamba wakaomba wapunguziwe kodi asilimia 25, mwenye ardhi akasema mwisho wangu 10, walioshindwa kulipa Boycott akawapelekea notisi za kuwafukuza. Hapo ndo moto ukawaka.

Hiyo ilikuwa Septemba, na mwezi huohuo mwanasiasa wa Kiireland Charles Stewart Parnell alihutubia mkutano Ennis, akauliza umati, mtu akichukua shamba alilofukuzwa mwenzake tumfanyeje? Wakapiga kelele auawe. Akawaambia hapana, ipo njia nzuri kuliko hiyo, mkikutana naye barabarani mpiteni, dukani mpiteni, hata kanisani mkaeni mbali, awe kama mwenye ukoma wa zamani. Sasa Parnell alikuwa anawasema wanaochukua mashamba ya wenzao waliofukuzwa, watu wa Mayo wakaona dawa hii mbona inamfaa na msimamizi mwenyewe. Vibarua wakaacha shamba, watumishi wa ndani wakaondoka, mhunzi hagusi kwato za farasi wake, dobi hafui, maduka ya karibu hayamuuzii kitu, kijana wa barua akatishwa. Yaani mtu hela anayo na mkate hapati, chakula ikabidi kiletwe kutoka mji mwingine.

Kuhusu jina kugeuka kitenzi, inaelezwa ni padri wa pale, Father John O'Malley, alikuwa anaongea na mwandishi wa Kimarekani James Redpath wakitafuta neno la hicho kitu. Kizungu kilikuwa nalo tayari, ostracise, yaani kumtenga mtu, lakini padri akaona wakulima wake hawatalielewa, akasema basi tuseme tu to boycott him. Kufika Novemba 1880 magazeti ya London yalishaanza kuliandika.

ngalawa_tatu:
Umeruka sehemu tamu mzee. Boycott aliandika barua ikachapwa kwenye The Times ya London analia mazao yanamuozea ardhini, wakajitokeza watu kama 50 kutoka Cavan na Monaghan, Waprotestanti wa chama cha Orange kilichoiunga mkono Uingereza, kuja kumvunia. Serikali ikaogopa fujo, ikapeleka askari na polisi kama elfu moja kulinda watu wanaong'oa viazi na tanipu (turnip, mizizi ya kuliwa)!! Hesabu iliyozoeleka ni kwamba ziliteketea pauni 10,000 kuokoa mazao ya pauni 500 hivi, Parnell akawatania kwamba kila tanipu moja imeigharimu serikali shilingi. Na hakuna aliyempiga kapteni hata kofi.

mti_mkavu:
Duh, kumbe yeye ndo aliyefanyiwa! Mimi nilidhani labda ndiye kiongozi aliyeanzisha. Aliishia wapi sasa?

Mzee wa Kamusi:
Alihama. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo akavuka kurudi Uingereza, baadaye akapata tena kazi ya kusimamia mashamba huko Suffolk, akafa 1897. Mwaka 1881 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya ardhi ya Ireland, mpangaji akaweza kwenda mahakamani apangiwe kodi ya haki. Jina lake ndo halikurudi kwao, Wafaransa wakalichukua, Wajerumani wakalichukua, Warusi, mpaka Wajapani wanasema boikotto.

Mama Sifuni:
Naomba nichangie kwenye kugoma maana swali hilo hamjaligusa. Kugoma ni wewe kuacha kazi yako, unaweka jembe chini. Boycott ni kususia, na kususia siku hizi tunakupeleka kwenye bidhaa na uchaguzi na vikao vya bunge ila asili yake kule Ireland ilikuwa kumsusia MTU. Hiyo mbona sisi vijijini tunayo siku zote. Kwetu mtu asiyehudhuria misiba ya wenzake hagombezwi wala hashtakiwi, anasubiriwa. Siku akifiwa yeye, watakuja wawili watatu wa ukoo, jembe la kuchimbia kaburi anatafuta mwenyewe, kuni za kupikia waombolezaji hamna, na wanawake wa kuchota maji hawaonekani. Ataenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na faini atalipa, kreti za soda na hela juu, na hapo watu wanakuja wamenuna. Huyo kapteni angezaliwa kwetu angejua mapema 😂

Ila msichanganye na kususa. Mtoto kanyimwa nyama kubwa, kasusa chakula, hiyo ni hasira zake tu hana madai ya pamoja na mtu.

spidi120:
Bongo tuna boycott yetu kubwa ya kimichezo, wadogo hawaijui. Montreal 1976, Tanzania ikiwa mstari wa mbele nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilienda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na kamati ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand. Filbert Bayi alikuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3:32.2, aliiweka Christchurch 1974 akimwacha John Walker nyuma yake. Dunia nzima ilikuwa inasubiri marudio. Bayi hakukimbia, Walker wa New Zealand hiyohiyo akabeba dhahabu kwa 3:39. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya, makaburu walistahili, ila bei aliilipa mkimbiaji.

wa_Eldy:
Angalau Bayi alipata silver ya steeplechase, zile mbio za kuruka viunzi na maji, Moscow 1980. Sisi Kenya kuna Mike Boit, bronze ya 800 Munich 72, halafu 76 tukaboycott na wenzetu wa Afrika, 80 tukaboycott tena na Wamarekani juu ya Wasovieti kuivamia Afghanistan. Miaka yake yote mizuri ikaishia hapo. Sasa huyo tuseme alisusia ama alisusiwa?

Mama Sifuni:
Alisusishwa.