MALALAMIKO: Mafundi wa Malindi, supagluu si spea ya behewa!

Jamani, imetosha.

Mabehewa ya treni za modeli yanayozunguka hapa kwa wauzaji wa vitu vikuukuu mengi ni ya Kiitaliano, ya kampuni za Lima na Rivarossi, na si ajabu: Waitaliano wako nasi tangu enzi za kituo cha roketi cha San Marco kule Ngomeni miaka ya 1960, na nyumba ikiuzwa masanduku hubaki. Mji hauna reli hata pima moja, lakini chini ya vitanda treni zimo. Ubaya ni kwamba behewa likishapita mkononi mwa fundi wa saa, wa simu au wa "kila kitu", hurudi limegandishwa kama jeneza. Paa limeshikana na ubavu, bogi (vile vigari vya magurudumu chini ya behewa) hazigeuki, madirisha yameota ukungu mweupe. Kisha linauzwa kwa jina la "limefanyiwa sevisi". Sevisi gani hiyo?

Nianze na supagluu, maana ndiyo mama wa balaa. Gundi hii hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, na sisi wa pwani unyevu hatujawahi kuukosa. Mvuke wake ukikutana na unyevu huo hutua kwenye kioo cha plastiki ukawa unga mweupe. Ukifunga paa gundi ikiwa mbichi, mvuke umeufungia ndani, na madirisha yote yanapofuka kwa siku moja. Na kiungo chenyewe ni kikavu, hakinepi. Behewa likigonga ukingo wa meza, pa! linaachia, tena linaondoka na ngozi ya plastiki.

Halafu huyo huyo fundi, akiona ameharibu, anakimbilia asetoni. Asetoni inayeyusha supagluu, sawa, lakini inayeyusha na polistirini, na ubavu wa behewa ndiyo polistirini yenyewe. Utabaki na haluwa. Njia isiyoua ni hii: lifunge behewa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uliweke kwenye friza saa tatu au nne. Gundi ikipoa hivyo inakuwa kavu zaidi. Pitisha wembe butu kwenye mshono, gonga kidogo kidogo, itaachia pale pale. Usiupinde ubavu, maana plastiki nayo ni baridi, itakatika. Vipande vikishaachana virudishe ndani ya mfuko vipate joto humo humo. Ukiviacha wazi vitatoka jasho na ekseli zitashika kutu kabla ya magharibi.

Kioo kilichopofuka hakifufuki kwa kufutwa na kitambaa. Kitoe, weka dawa ya meno nyeupe (ile ya kawaida, si jeli) kwenye kipande cha pamba, sugua kwa duara ndogo ndogo, suuza, tazama, rudia. Ukikirudisha, tumia gundi nyeupe ya mbao, tone la ukubwa wa kichwa cha pini kila pembe. Ikikauka haionekani, na kesho ukitaka kukitoa kinatoka.

Sasa kufungua. Behewa la H0 (modeli za kipimo cha 1:87) halikuundwa kwa gundi, limeundwa kwa vijino, yaani vishikizo vidogo vya plastiki. Kuna yanayofunguka kwa paa na kuna yanayofunguka kwa sakafu, na mengine yana skrubu iliyojificha juu ya bogi. Tazama kwanza! Bisibisi ya chuma ikiingia kwenye mshono inaacha kovu, na kovu hilo halitoki. Chukua kadi ya simu ya zamani, ile ya kukwaruza, au kata vipande vya chupa ya plastiki. Ingiza kimoja kwenye kila kijino, vyote vikishakaa ndipo uvute. Ukifungua upande mmoja wakati mwingine umeshikilia, kijino kinavunjika, na hapo ndipo supagluu inapotolewa mfukoni. Plastiki ya miaka 50 imekauka, haina msamaha. Na usilifungue likiwa limetoka tu chumba chenye AC. Acha lipate joto la nyumba kwanza.

Bogi. Mabehewa mengi ya zamani hushika bogi kwa kipini cha plastiki kilichopasuliwa katikati, kinachobanwa na kuingia kwenye tundu. Kikivunjika, mafundi wetu wanaigundisha bogi kwenye sakafu. Wallahi bogi imegundishwa, na mtu anauliza kwa nini behewa linatoka relini kwenye kona! Dawa ni skrubu ya M2 (unene milimita 2) na washa. Toboa sakafu kwa keekee ya milimita 1.6, kata uzi kwa tapu ya M2, upanue tundu la bogi hadi milimita 2.2 ili skrubu ipite bila kubana. Kaza mpaka mwisho, kisha rudisha nyuma nusu mzunguko. Bogi moja iachwe igeuke tu bila kuyumba, ya pili igeuke na pia iyumbe kushoto na kulia. Hapo behewa linasimama kwa nukta tatu, kama kigoda cha miguu mitatu, na hata reli ikiwa na mbonyeo magurudumu yote yanagusa. Ukizikaza zote mbili, gurudumu moja litaning'inia hewani na ukingo wake utapanda reli.

Na usijaribu kugundisha bogi iliyovunjika kabla ya kujua ni plastiki gani. Zile zenye utelezi kama sabuni, nailoni au asetali, hazishiki gundi yoyote ya dukani. Weka tone dogo la gundi ya polistirini mahali pasipoonekana: ikilainika, gundisha, isipolainika, toboa pande zote mbili na uunge kwa pini ya waya wa shaba ya nusu milimita.

Magurudumu ndiyo wizi mtupu. Mtu anakosa pea ya behewa la Lima, anatoa magurudumu ya Märklin, kampuni ya Kijerumani, anayapachika, anauza. Yanakaa vizuri sana, hata picha inapendeza. Ukiliweka kwenye reli, shoti! Reli ya H0 ya mkondo wa DC ina upande chanya na upande hasi, kwa hiyo angalau gurudumu moja katika kila ekseli lazima litenganishwe na ekseli kwa plastiki. Märklin hutumia mkondo wa AC na umeme wake hupita katikati ya njia, reli zote mbili ni za upande mmoja, hivyo magurudumu yake hayahitaji kutenganishwa. Pima kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye mlio: weka ncha moja kwenye gurudumu hili na nyingine kwenye lile. Ikilia, usinunue. Inachukua sekunde mbili, na muuzaji anayekataa upime ameshakujibu.

Ukiwa na venia (kalipa ya kupimia milimita), pima pia nafasi ya ndani kati ya gurudumu na gurudumu: karibu milimita 14.4. Ikipungua, magurudumu yatakwama kwenye njia panda. Ikizidi, yatabana kwenye kona. Na ya zamani yana kingo ndefu, hivyo kwenye reli za kisasa zenye kimo kidogo zitagonga vishikizo vya reli na behewa litacheza chakacha. Hilo si ugonjwa wa behewa, ni reli isiyolifaa. Kwa reli ya kimo cha milimita 2.5 linakwenda.

Kulainisha: mafuta ya kupikia hapana, WD-40 hapana, inaacha utando unaokusanya vumbi na mchanga. Ncha za ekseli zinazokaa kwenye vishimo vya plastiki hazitaki mafuta kabisa. Kwaruza penseli ya 6B juu ya karatasi, chota unga wake kwa kijiti cha meno, tia kwenye kishimo. HB ina udongo mwingi, iacheni shuleni.

Nakuja kwenye uzito, maana hapa Malindi tumebuni kosa letu wenyewe. Behewa jepesi linatoka relini, hilo kweli. Hesabu ya wenye modeli wa Marekani ni gramu 28 za mwanzo, kisha gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la sentimita 25 linataka karibu gramu 170. Fundi akisikia hivyo anakwenda kwa wavuvi, anachukua risasi za nyavu, anazimwagia gundi nyeupe ya mbao ndani ya sakafu. Inashika vizuri mwaka wa kwanza. Lakini gundi ile hutoa asidi ileile ya siki, asidi inaila risasi, risasi inageuka unga mweupe unaovimba, na sakafu inapasuka kutoka ndani. Risasi yafaa, ila ishikwe kwa epoksi ya tyubu mbili (Araldite inatosha), na unawe mikono kabla ya kula. Misumari msitie kabisa, kwa chumvi ya hewa yetu itakuwa kutu tupu.

Kuna wanaouliza kuhusu chasisi za chuma "zilizopasuka kidogo" zinazouzwa zimepakwa rangi mpya. Hizo ni zinki ya kumimina. Aloi safi, Zamak, ilipatikana 1929, lakini viwanda viliendelea kumimina zinki iliyochanganyika na risasi, na uchafu mdogo sana unatosha kuila kutoka ndani, hasa penye joto na unyevu. Ishara zake: nyufa nyembamba kama nyuzi za buibui, chasisi imerefuka hata haiingii kwenye bodi yake, pembe inamong'onyoka ukiibana kwa ukucha. Hakuna gundi, hakuna rangi, hakuna dua itakayoizuia. Kuipaka rangi juu ya nyufa ni kuuza maiti aliyevalishwa kanzu. Ila msitishane kwamba inaambukiza, haiambukizi. Toa kipande kibovu, weka kingine, bodi itaishi.

Kuosha: maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini, bogi na taa zikiwa zimetolewa. Suuza ya mwisho iwe kwa maji safi ya kuongezea betri (si asidi) ya kituo cha petroli, si ya kisima, kwa sababu maji ya visima vyetu yana chumvi. Kausha siku nzima kivulini. Spiriti isiguse maandishi ya ubavuni, yatatoka yote.

Na sponji! Toeni sponji ya zamani kwenye maboksi leo hii. Ikizeeka inakuwa unga unaonata na inakula rangi. Funga kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, tia pakiti za silika, na msimu wa kusi ukiingia zikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili.

Wauzaji, kuanzia sasa picha za paa na ubavu peke yake hatutaki. Piga ya chini: skrubu za bogi, magurudumu yakiwa na ncha za mita juu yake, ndani ya sakafu. Usipoweka hizo, bei ni ya plastiki kwa kilo.