Tunaoandika hadithi bila kuchapishwa: nini kinakusukuma, na unajinoaje? Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Nauza mitumba soko la Memorial, Moshi. Mvua ikinyesha wateja hawaji, basi natoa kaunta buku yangu chini ya meza naandika. Hii ni ya nne. Hakuna hadithi yangu hata moja iliyochapwa.

Nilianza 2019 bibi alipofariki, Kibosho. Jioni tukimenya ndizi za mtori alikuwa anatusimulia, na ngano zile zote ameondoka nazo. Nikataka kuzishika zilizobaki kichwani. Lakini kila nikiandika inatoka kama taarifa ya msiba: fulani alikwenda, fulani akarudi. Sauti ya bibi haimo.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja fundi cherehani, jirani yangu pale sokoni. Huwa namsomea akishona. Siku hiyo nilikuwa nimeandika, "Manka alikasirika sana." Akasimamisha cherehani. "Alikasirikaje? Mikono yake ilikuwa inafanya nini?" Sikuwa na jibu. Kipande kile nimekirudia mara sita. Sasa Manka anamenya ndizi, anamenya mpaka za kesho, zinaanza kuwa nyeusi kwenye karai, wala hajabandika maji. Nilipomsomea tena, mama alinyamaza, kisha akauliza, "Mumewe ameshafika?" Jamani, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Kinachonishinda ni mazungumzo. Watu wangu wote wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari. Ninyi mnafanyaje?

Mchangiaji, Arusha:
Dada, mimi nimekuwa konda miaka mingi, ruti ya Kwa Mrombo. Mazungumzo nimeyaokota kwenye daladala. Nilichogundua, watu wengi hawajibu swali waliloulizwa. Mama mmoja aliulizwa na mwenzake, "Umekula?" Akasema, "Yule mtoto hajarudi." Niliiandika kwenye simu palepale, kabla ya kituo kinachofuata. Hadithi yangu nzima imetoka hapo.

Mchangiaji, Usa River:
Mimi nilisukumwa na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ilipotolewa mara ya kwanza 2023. Kuona riwaya ya Kiswahili inapewa heshima ile kulinipa moto. Nikaandika mbiombio miezi mitatu, na riwaya ikawa mbovu kweli. Sasa niko sura ya kwanza tu, naisoma kwa sauti kila usiku. Ulimi ukijikwaa, najua sentensi hiyo haijakaa sawa.

Mwanzisha uzi:
Kaka wa daladala, nimelijaribu lako jana. Mume anaingia, anauliza, "Chakula kiko wapi?" Manka anasema, "Ng'ombe hajanyweshwa." Fundi kaniambia nisiongeze neno hapo.

Asanteni sana. Kuna aliyewahi kuandika sauti ya mzee wake aliyetangulia? Bibi alikuwa anachanganya Kichaga katikati ya sentensi, na nikiyatoa maneno yale simsikii tena. Mliyaacha, au mlifanyaje?