Mjadala: Ripoti za duka tuzihamishie zote kwenye RAM?

Mleta mada: Wakuu, habari za kazi. Nina programu ya mauzo niliyomtengenezea bosi mmoja wa jumla hapa Kariakoo. Data iko kwenye SQLite, kanzidata (hifadhi ya data) inayokaa ndani ya faili moja, mistari kama laki tisa. Kuuza hakuna shida. Shida ni ripoti ya mwezi: bosi anabofya, anaenda kunywa chai, anarudi bado inazunguka. Kijana ninayefanya naye kazi anataka kanzidata yote ihamie kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta inayofutika umeme ukikatika. Mimi naona ni kujitafutia balaa. Karibuni tubishane.

Kijana mwenyewe: Nipo hapa broo, usinisemee. RAM ina kasi kuliko diski, hilo halina ubishi. SQLite yenyewe inaruhusu: badala ya jina la faili unaandika :memory:, basi. Asubuhi tunapakia, jioni tunarudisha kwenye diski.

Fundi wa Kimara: Jioni? Na Luku ikiisha saa nane mchana? Tena hata umeme ukiwepo, kanzidata ya :memory: inafutika pale tu muunganisho unapofungwa. Programu ikigoma, mauzo ya siku nzima yamekwenda na maji. Bosi utamweleza nini, mdogo wangu?

Dada wa takwimu: SQLite inahifadhi mstari kwa mstari. Kwa kuuza ni sawa kabisa, risiti moja mstari mmoja. Lakini ripoti inataka kiasi na bidhaa tu, nayo inaburuza mstari mzima, mpaka jina la mteja na namba ya simu. Jaribuni DuckDB, kanzidata ya kuchambulia data. Imetoka CWI, taasisi ya utafiti ya Amsterdam, 2019, toleo la 1.0 likafika 2024. Inapanga data kwa safuwima, kwa hiyo inasoma zile inazozihitaji tu. Haina seva, haina malipo, na ina kiambatisho cha kufungulia faili la SQLite. Unanakili jedwali la mauzo kwenye RAM, unatoa ripoti, unafunga. Umeme ukikatika, kilichopotea ni nakala.

Mpita njia: Kwa nini si Redis, kanzidata inayokaa kwenye RAM?

Dada wa takwimu: Kwa sababu Redis yenyewe haikupi SQL, lugha ya kuulizia maswali kwenye majedwali. Kuunganisha majedwali na kujumlisha utajiandikia mwenyewe. Ukifanya kazi kwa lugha ya Java, H2 sawa, ni kanzidata ya SQL inayoweza kukaa kwenye RAM.

Fundi wa Kimara: Kabla hamjahama nyumba: mleta mada, jedwali lina indeksi ya tarehe, yaani faharasa ya kutafutia haraka? Weka EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya swali lako la SQL, SQLite ikuonyeshe inavyotafuta. Ukiona SCAN, jedwali linapitiwa lote. Halafu, faili likishasomwa mara moja, mfumo endeshi hulibakiza kwenye RAM iliyo wazi. Hiyo kasi ya :memory: mnayoiota, nyingi mnayo tayari.

Mleta mada: SCAN. Aibu yangu. Nimeweka indeksi, ripoti ya mwezi inatoka bosi hajanyanyuka kitini. Ila ya mwaka, bidhaa kwa bidhaa, bado inajikokota. Ile inagusa karibu kila mstari. Kesho naijaribu kwa njia ya dada.

Kijana mwenyewe: Kwa hiyo RAM tunakwenda.

Fundi wa Kimara: Nakala ndiyo inakwenda. Daftari la bosi lisiguswe.

Kijana mwenyewe: Sawa kaka. Ila kompyuta ya dukani ina GB 4, na bosi hafungi YouTube.